Pamba Ndani ya Betri

Sisi tukaao Mwanhuzi twaijua pamba tangu mbegu hata mzani. Betri nazo twazijua. Zile za tochi watu huziita mawe, na kweli ni ngumu kama mawe. Wachache wetu wafikiri ya kuwa vitu hivi viwili vina udugu wa zamani.

Habari ya betri ya kwanza ilitolewa mwaka 1800 na Mtaliani Alessandro Volta, katika barua aliyoipeleka London. Alipanga visahani vya fedha na vya zinki, jozi juu ya jozi, na baina ya jozi alitia karatasi nene, ngozi au kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Bila kitu kile kilicholowa, rundo lisingetoa umeme wa kudumu. Basi kitu laini kilikuwamo tangu mwanzo, ila hakuna aliyekisifu.

Mwaka 1958, huko Uswidi, Arne Larsson alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku, maana moyo wake ulisita kupiga. Mkewe, Else-Marie, aliwaendea daktari Åke Senning na fundi Rune Elmqvist, akawasihi wala hakukubali kukataliwa. Twaona mama huyu astahili sifa sawasawa na mafundi. Tarehe 8 Oktoba wakampasua mumewe, wakamtia mwilini chombo cha kuuamsha moyo. Betri zake zilikuwa na kadimi, nayo ni sumu. Ikawapasa kukifunika chombo kizima kwa gundi iliyoganda, damu isiifikie. Baada ya saa chache kikaharibika, wakatia kingine. Larsson akaishi hata mwaka 2001, akiwa amebadilishiwa vyombo zaidi ya 20.

Tangu hapo wataalamu wamekuwa wakitafuta betri ipindikayo pamoja na mwili bila kuudhuru. Mwaka 2007, katika chuo cha Rensselaer, Marekani, walitengeneza karatasi iwekayo umeme. Hukunjwa, hukatwa, na jasho au damu yaweza kushika mahali pa maji ya chumvi ya Volta. Karatasi hiyo ni selulosi, nayo ndiyo sehemu kama 9 katika 10 za pamba yetu. Mwaka 2010 watu wa Stanford wakachovya kitambaa cha pamba katika wino wa nyuzi nyembamba mno za kaboni, kama mtu atiavyo nguo rangi, wakakikausha. Kikawa cheusi, chapitisha umeme, na bado chakunjika.

Kazi hiyo ingali ya maabara. Pamba tumekwisha kuiamini juu ya vidonda vyetu. Lakini nyuzi zile za kaboni, wataalamu wangali wakichunguza kama zadhuru mapafu na mwili.