Bonde la Ufa katika historia ya Bunge la Kenya

Baraza la Kutunga Sheria lilipokutana Nairobi kwa mara ya kwanza, Agosti 1907, lilisimamiwa na gavana mwenyewe. Miongoni mwa wajumbe wachache wasio maafisa wa serikali alikuwemo Lord Delamere, mlowezi wa Njoro, ambaye kunyamaza hakukujua. Baraza lilipata Spika wake mwaka 1948. Mwaka huohuo Michael Blundell, mkulima wa Subukia, alichaguliwa kuwakilisha walowezi wa Bonde la Ufa. Waafrika walisubiri hadi 1957 ndipo wakapiga kura, na huku bondeni akashinda Daniel arap Moi.

Uhuru ulikuja na Seneti, Baraza la Wawakilishi, na bunge la kila jimbo. La Bonde la Ufa lilikuwa na makao yake Nakuru, Moi akiwa rais wake. Mfumo huo haukufika mbali. KADU, chama cha Moi kilichoutetea, kilivunjwa Novemba 1964, na kufikia 1967 Seneti nayo ilikuwa imemezwa.

Kikao ambacho wazee wa siasa hawakisahau ni cha Oktoba 1975. Mbunge Martin Shikuku alidai kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama tawala, KANU, akatakiwa athibitishe. Aliyekalia kiti siku hiyo alikuwa Naibu Spika, Jean-Marie Seroney wa Tinderet. Akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji ushahidi. Haikupita wiki, polisi wakawakamata wote wawili papo hapo bungeni. Waliachiliwa Desemba 1978, Moi akiwa Rais.

Umbo la Bunge la leo lilipikwa Naivasha. Januari 2010 kamati teule chini ya Abdikadir Mohammed ilikutana huko, ikaifuta nafasi ya waziri mkuu katika rasimu ya katiba. Katiba iliyopitishwa Agosti iliirejesha Seneti na kuwatoa mawaziri bungeni. Kaunti ya Nakuru sasa hupeleka Nairobi wabunge 11 wa maeneo, mwakilishi wa wanawake na seneta mmoja.

Ila kubadilisha katiba ni rahisi kuliko kubadilisha mazoea. Mei 2020 Susan Kihika, seneta wa Nakuru, alivuliwa wadhifa wa Kiranja wa Walio Wengi, na uamuzi huo ulifanywa kwenye mkutano wa chama uliofanyika Ikulu, mbele ya Rais. Bunge ambalo viranja wake huondolewa Ikulu halijajitawala bado. Mwaka 2022 wapiga kura wa Nakuru walimchagua Kihika kuwa gavana.