Waliopotea Maniema ya Kusini: Kutoka Wino wa Livingstone hadi Sheria za Vinasaba

Tarehe 15 Julai 1871, soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba katika eneo la Kasongo la leo, mashariki mwa Kongo, lilimiminiwa risasi na watu wa wafanyabiashara Waarabu. David Livingstone alikuwapo. Aliandika kwamba Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wanawake waliozama wakikimbia. Kwa kuwa karatasi zilikuwa zimemwishia, aliandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda. Mwaka 2011 wataalamu walitumia mianga ya rangi mbalimbali kuyafufua maandishi hayo yaliyofifia. Maneno yakasomeka, majina ya wanawake hayakuonekana, kwani hayakuandikwa.

Desemba 1892, Wabelgiji wawili, Lippens na De Bruyne, waliuawa mjini Kasongo, makao ya Sefu, mwana wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, aliuteka mji Aprili 1893, na mwaka 1900 mnara wa kuwakumbuka wawili hao ulizinduliwa Blankenberge, Ubelgiji. Askari, wapagazi na watumwa walioanguka katika vita hivyo hawakuwekewa orodha. Wala hawakuwekewa wale wa Kabambare, mji ulioangukia mikononi mwa waasi wa Kitetela mwaka 1898. Novemba 1961, wanahewa 13 wa Italia waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa waliuawa Kindu. Miili yao ilitafutwa, ikapatikana, ikazikwa Pisa. Walikuwa na serikali iliyowadai.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa Kongo kati ya 1993 na 2003. Baada ya hapo Kabambare ilipata misukosuko mingine: wanamgambo wa Mai-Mai Malaika waliteka watu karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, na wakazi wa Salamabila wakakimbia mapigano. Kijana asiyerudi nyumbani huenda ameuawa, huenda ametekwa, huenda ameingia porini kwa hiari. Jamaa zake waweke matanga au wangoje? Mkewe, kama ni Mwislamu, akae eda kwa ushahidi gani?

Jibu la sheria limo katika Kanuni ya Familia ya Kongo ya 1 Agosti 1987, yenye sehemu juu ya watu wasiojulikana walipo na waliotoweka. Ni sheria ya enzi ya mashahidi na karatasi. Mwaka huohuo polisi wa Uingereza walimkamata Colin Pitchfork, muuaji wa kwanza kutiwa hatiani kwa msaada wa vinasaba. Sheria ya Kongo ya 26 Desemba 2022, iliyoweka mfuko wa fidia, FONAREV, inawahusu waathirika wa ukatili wa kingono wa vitani na wa jinai kubwa dhidi ya binadamu.

Nchi nyingine za Afrika zimechukua njia tofauti. Tanzania ilitunga sheria ya vinasaba vya binadamu mwaka 2009. Sheria ya Afrika Kusini ya 2013 iligawa kanzidata yake katika mafungu: waliokamatwa na waliohukumiwa wana yao, waliopotea na maiti zisizotambuliwa wana lao. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua tarehe 30 Januari 2020 kwamba serikali isikusanye DNA za raia wote kwa ajili ya mfumo wa utambulisho wa Huduma Namba.

Mgawanyo huo wa Afrika Kusini ndio unaoigusa Kabambare zaidi. Mama anayetoa mate ili mwanawe atambuliwe kaburini anatoa pia alama ya wanawe wengine, na mmoja wao huenda yuko na Malaika. Sampuli yake ikilinganishwa na damu iliyookotwa mahali pa shambulio, mama amekuwa shahidi dhidi ya nyumba yake bila kuulizwa. Akishuku hivyo, hatakwenda kuitoa, na kaburi litabaki bila jina. Ndiyo maana sheria ya kuwatafuta waliopotea hapa ingehitaji kutamka wazi kwamba sampuli za jamaa hazitumiki katika upelelezi, zinatolewa kwa ridhaa, na zinafutwa kazi ikiisha.

Muda nao una gharama yake. Shakahola, pwani ya Kenya, ufukuaji wa makaburi ya wafuasi wa dhehebu moja ulianza Aprili 2023 na kutoa miili zaidi ya 400. Ya kwanza kutambuliwa kwa DNA ilikabidhiwa jamaa Machi 2024.