Gari la Nyayo na Mnara Usiokamilika



Katika Injili ya Luka (14:28-30) Bwana wetu anamtaja mtu aliyeweka msingi wa mnara akashindwa kuumaliza, na waliomtazama wakamcheka. Jirani zetu wa Kenya waliwahi kuwa na mnara wa namna hiyo, nao ulikuwa gari.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde magari, hata kama yangekuwa na sura mbaya au mwendo wa polepole. Wahandisi wakaupokea mzigo huo, wakishirikiana na Shirika la Reli. Februari 1990 magari ya kwanza yalizinduliwa huko Kasarani, Nairobi. Yalikuwa matano tu, yakaitwa Nyayo Pioneer, na yaliweza kufikia mwendo wa kilometa 120 kwa saa. Likaundwa Shirika la Magari la Nyayo ili yatengenezwe kwa wingi.

Hayakutengenezwa. Kuunda magari matano hudai ufundi. Kuunda maelfu hudai pia mitambo, wanunuzi, na fedha nyingi kwa miaka kadhaa kabla ya kuona faida. Fedha hizo hazikupatikana. Novemba 1991 wafadhili walisitisha misaada mipya kwa Kenya, na katika muongo huo huo, biashara ilipofunguliwa, magari yaliyokwisha kutumika Japani yakajaa barabarani.

Wengi wakacheka. Lakini mitambo ya mradi ule haikutupwa. Kiwanda kilipewa jina jipya, Numerical Machining Complex, kikaendelea kuchonga vipuri vya chuma.

Ndugu zangu, Yesu hakukataza kujenga mnara. Alitaka tuketi kwanza, tuhesabu gharama. Agizo la mwaka 1986 lilihesabu ujasiri, halikuhesabu gharama. Lakini tuwatazame pia wale wanaocheka: katika mfano ule hatuambiwi kwamba wao walijenga chochote.

Hapa kwetu Ngulyati, kijana akifungua karakana ya kuchomelea vyuma, ikafungwa baada ya misimu miwili ya pamba, tusimpe jina la kumdhihaki. Tuketi naye kabla hajaanza, tuhesabu pamoja. Na akianguka, tumsaidie kuokoa mashine yake na ujuzi wake, kwa maana hivyo bado ni mali.

Mungu awabariki nyote. Amina.