Kilichobadilika ni Maji

Ndugu msikilizaji, wiki hii tuzungumze juu ya betri.

Sisi tuliokulia Nyegezi, kwenye mwambao huu wa Ziwa, tunakumbuka betri zilizoanikwa juu ya bati. Redio ikianza kukoroma, mzee anatoa betri, mtoto anaagizwa kuzipeleka juani. Jioni zinarudishwa, na taarifa ya habari inasikika mpaka mwisho. Wapo waliodhani ni ushirikina. Sio ushirikina hata kidogo, na sababu yake ndiyo historia ninayotaka kuisimulia.

Mwaka 1866, Mfaransa Georges Leclanché alitengeneza betri ya zinki upande mmoja na manganisi upande wa pili, katikati yake maji yenye chumvi ya amonia. Mwaka 1886 Mjerumani Carl Gassner aliyageuza maji yale kuwa uji mzito ndani ya kopo la zinki. Ndiyo betri kavu tunayoijua. Miaka mia moja baada ya Leclanché, mwaka 1966, kampuni ya Matsushita ya Ujapani ilianzisha tawi lake la kutengeneza betri Dar es Salaam, na betri za National zikafika hadi vijijini.

Watu wengi hudhani kazi inafanywa na kile kijiti cheusi cha katikati tulichochorea ukutani. La hasha. Hicho ni njia ya umeme tu. Kathodi yenyewe, yaani upande unaopokea umeme, ni ule unga mweusi wa manganisi. Katika maji ya amonia, betri ikitumika hujijengea fuwele zinazoziba vinyweleo vya unga huo. Ukiipumzisha na kuipasha moto juani, njia hufunguka kidogo. Kwa hiyo betri ya mzee ilikuwa imechoka, lakini haijafa.

Baadaye mafundi waliondoa amonia wakaweka chumvi ya zinki, betri ikadumu zaidi na kuvuja kukapungua. Miaka ya 1950 Lewis Urry wa kampuni ya Eveready akatumia maji makali ya potasi, yakazaa betri za alkali. Zinki ni ileile, manganisi ni ileile. Kilichobadilika ni maji.

Tatizo lilibaki moja: ikiisha, inatupwa. Ndani ya potasi, zinki inayochajiwa huota miiba. Mwaka 2012 watafiti wa China walionyesha kwamba maji mepesi ya salfeti ya zinki yanaruhusu betri hii kuchajiwa. Lakini manganisi ilikuwa ikiyeyuka majini, kidogo kidogo. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani na wenzao wakaweka chumvi ya manganisi ndani ya maji yenyewe tangu mwanzo. Kila mama anajua kuwa maji yaliyoshiba chumvi hayayeyushi nyingine. Betri ile ya maabara ilichajiwa mara 5,000 ikabakiza asilimia 92 ya uwezo wake.

Haya yanamhusu nini mvuvi wa dagaa? Yanamhusu sana. Usiku wa giza anahitaji taa. Alianza na karabai na mafuta ya taa, ambayo yanakula mapato yake. Sasa wengi wanatumia taa za betri. Betri ya risasi ni nzito na ina sumu. Ya lithiamu ni ghali, na ikiharibika huweza kuwaka moto. Ya zinki ina maji ndani yake. Haiwaki moto ndani ya mtumbwi wa mbao.

Kwa maoni yangu, hapa pana kazi kwa vyuo vyetu. Kupima chumvi na maji hakuhitaji mitambo ya mabilioni. Kiwanda cha Eveready cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014, na ujuzi ukikaa bila kazi hupotea. Tusisubiri mpaka wengine wamalize, halafu sisi tubaki kununua na kuanika juani.

Kwaherini, hadi wiki ijayo.