Sufuria nzito ya chuma: oka mkate bila oveni

Huna oveni? Sufuria nzito ya chuma cha kusubu, yenye mfuniko wenye ukingo wa kushika makaa, inatosha. Wamarekani huiita "oveni ya Kiholanzi".

Mbinu ni ile ile ya kupalia wali: moto juu na chini. Kwa mkate, weka theluthi mbili ya makaa juu, theluthi moja chini. Ukizidisha chini, kitako kinaungua. Kwa mchuzi, makaa mengi yawe chini.

Makaa ni ya nje tu. Ndani, hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu na inaua. Huko tumia gesi, moto mdogo.

Ukimaliza, iache ipoe, ioshe, ikaushe motoni, kisha ipake mafuta kidogo. Ukiiloweka usiku kucha, itashika kutu.