Ng'ombe wa Shangazi: Historia ya Kurudisha Mahari Nchini Uganda

Mimi ni mzaliwa wa Tororo, mashariki mwa Uganda, karibu na mpaka wa Kenya. Kwetu mahari hutolewa kwa ng'ombe, mbuzi na pesa. Ng'ombe hao hawakai zizini siku nyingi. Wakiletwa kwa ajili ya binti, kaka yake huwachukua akaolea mke. Ng'ombe waliotolewa kwa shangazi yangu ndio baba aliowatumia kumwoa mama. Nilijua hayo tangu utotoni, lakini sikujua yalimgharimu shangazi nini.

Mumewe alikuwa akimpiga. Mara mbili alikimbilia kwa babu na watoto wake. Mara zote mbili wazee wa pande zote walikutana, wakanywa pombe ya ulezi, wakamrudisha. Babu hakuwa mtu mbaya, na alimpenda binti yake. Lakini mila ilisema mwanamke akimwacha mume, mahari irudishwe. Babu angerudisha nini? Ng'ombe walikuwa wamekwisha geuka mama yangu.

Mambo haya yana historia ndefu. Wakati wa Waingereza mabaraza ya wilaya yalijaribu kuweka kikomo cha idadi ya ng'ombe, lakini desturi ya kurudisha iliendelea. Katiba ya mwaka 1995 ndiyo iliyofungua mlango. Kifungu cha 31 kinasema mume na mke wana haki sawa katika ndoa na pia inapovunjika.

Waliopita katika mlango huo ni MIFUMI, shirika lililoanzia kijiji cha Mifumi, hukohuko Tororo. Lilifungua vituo vya ushauri kwa wanawake waliopigwa na waume zao, na suala la ng'ombe likawa halikwepeki. Mwaka 2001 kulifanyika kura ya maoni kuhusu mahari wilayani. Mwaka 2007 shirika hilo na wenzake 12 walifungua kesi katika Mahakama ya Katiba, wakiomba desturi ya mahari itangazwe kuwa kinyume cha Katiba. Machi 2010 walishindwa. Kati ya majaji watano, ni Amos Twinomujuni peke yake aliyetofautiana na wenzake. Mwaka huohuo ilianza kutumika Sheria ya Ukatili wa Nyumbani, ambayo inamwezesha mtu anayeteswa kuomba amri ya ulinzi mahakamani. Karatasi hiyo ni nzuri, lakini usiku mtu na watoto wake watalala wapi?

MIFUMI walikata rufani. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu. Majaji walio wengi walisema mahari yenyewe si kosa, maana watu wazima wanaweza kukubaliana kwa hiari. Ila kudai irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Desturi hiyo inamshusha mwanamke hadhi, kana kwamba alikuwa bidhaa ya kurudishwa dukani, na miaka yake ya kulima na kulea haihesabiwi. Tena wazazi wake huenda hawana kitu, na yeye atabaki katika mateso kwa kuwaonea huruma.

Wako waliosema huo ni ushindi nusu, kwa kuwa mahari imebaki. Mimi naona nusu iliyopatikana ndiyo iliyokuwa inahitajika zaidi. Mwanamke anayetoka katika kipigo huanza upya kwa watu wake, na deni la ng'ombe ndilo lililokuwa likiwafanya watu wake wafunge mlango. Ni kweli, wako wazee ambao hadi leo hudai kimyakimya, na hukumu iliyoandikwa kwa Kiingereza huko Kampala hutembea polepole kufika vijijini.

Shangazi hakuisubiri. Alikimbia mara ya tatu mwaka 2009, mkono ukiwa umevunjika. Safari hii babu aliuza kipande cha shamba, akanunua ng'ombe, akalipa. Baba alimjengea nyumba ya udongo nyuma ya jiko letu, na mama akamgawia wifi yake nusu ya shamba lake la mihogo. Watoto wake wawili tulisoma nao darasa moja.

Kipande kile cha shamba hadi leo ni cha watu wengine. Tunapopita hapo kwenda kisimani, shangazi huangalia upande wa pili.