Machila, Mkongojo na Baiskeli ya Mikono

Mwaka 1875 mzee mmoja wa Kijerumani, aliyepofuka, aliondoka Rabai, nyuma ya Mombasa, kurudi kwao baada ya kukaa pwani miaka 29. Jina lake Johannes Rebmann. Ndiye aliyeiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848, na baadhi ya mabingwa wa Ulaya wakambisha kwa kejeli. Sasa macho yaliyoiona theluji ile yalikuwa yamezimika. Aliyemwongoza baharini na nchi kavu hata Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa pwani. Habari za Rebmann zimeandikwa kwa kurasa nyingi; habari za mkono uliomwongoza ni za mistari michache.

Rabai si Tanga. Walakini kisa hiki chafaa kuwa mlango wa maneno yangu, kwa kuwa chaonyesha ilivyokuwa pwani yote ya kaskazini katika karne ya 19: chombo cha safari cha asiyeona, au asiyeweza kutembea, kilikuwa mtu mwingine. Mwenye mtu alikwenda. Asiye na mtu alibaki barazani.

Sababu moja ya hali hiyo ilikuwa mbung'o. Katika bara iliyo nyuma ya Tanga na Pangani, farasi na ng'ombe wa kukokota magari hawakudumu, wakafa kwa ugonjwa wa mdudu huyo. Basi kila kitu kilikwenda kwa kichwa na bega. Mpagazi wa misafara iliyotoka Pangani, ikaufuata mto kuelekea Usambara na Kilimanjaro, alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo 32. Nchi ambayo pembe na nguo huchukuliwa na watu, hapana budi mgonjwa naye achukuliwe na watu. Livingstone aliposhindwa kutembea mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao walimtengenezea kitanda cha miti wakamtwaa mabegani hata kijiji alikofia. Na maiti yake wakaifikisha Bagamoyo mwezi wa Februari 1874.

Ndugu wa kitanda hicho ni machila: kitambaa kizito kilichotundikwa katika mti mrefu, wachukuzi mbele na nyuma, na wengine kando wakingoja zamu. Kingekuwa chombo cha mgonjwa na kiwete, historia ingekuwa na jambo la kujivunia. Lakini katika zama za ukoloni aghalabu aliyelala ndani yake alikuwa bwana mzima wa miguu yote miwili, na waliokuwa chini ya mti walikuwa watu waliokwisha choka. Mpagazi aliyevunjika mguu njiani hakutundikiwa machila. Sioni picha iliyo wazi kuliko hii ya kuonyesha kwamba uwezo wa kwenda hugawiwa kwa cheo kabla ya kugawiwa kwa haja.

Reli ilikuja kuvunja kazi ya bega. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893. Njia ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mzigo uliomtoa jasho mpagazi kwa siku nyingi ukafika kwa siku chache. Kwa asiyeweza kutembea, faida ilikuwa nusu: behewa lilikuwa na vidato, na juu ya vidato hivyo mtu alipandishwa kwa mikono ya watu kama zamani.

Nitoke njiani kidogo, maana kazi yangu ni lugha. Kiwete, kipofu, kiziwi, kilema: majina haya yamo katika umbo moja na kiti na kisu, na wako waliosema kwamba Mswahili alimhesabu mtu huyu kuwa kitu. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kijana, kiongozi na kinyozi wamo humo humo. Tena sikiliza upatanisho: twasema kipofu amekuja, hatusemi kimekuja. Neno linalonitia shaka zaidi ni lile lililodhaniwa kuwa la heshima, asiyejiweza. Hilo halitaji mguu wala jicho. Lamwondolea mtu uwezo wote kwa pigo moja. Siku hizi twaandika mtu mwenye ulemavu. Wengine hulalamika kwamba ni refu. Na liwe refu.

Turudi barabarani. Mwaka 1655 fundi wa saa aitwaye Stephan Farfler, wa Altdorf karibu na Nürnberg, aliyekuwa hawezi kutembea, alijitengenezea gari la magurudumu matatu la kuzungushwa kwa mikono. Mwaka 1933 Herbert Everest, aliyeumia mgongo katika ajali ya mgodi, na rafiki yake Harry Jennings, walitengeneza huko Marekani kiti cha magurudumu cha kukunjwa. Viti vya namna hii vya pili ndivyo vijaavyo hospitalini. Vina magurudumu madogo mbele, na mchanga wa pwani huyameza. Kile cha Farfler ndicho mzazi wa baiskeli ya mikono iendayo katika barabara za Ngamiani, zile zilizopewa hesabu badala ya majina. Tanga ni mji wa tambarare na wa baiskeli. Mnyororo, tairi na spoku ni za baiskeli ya kawaida, na fundi wa chini ya mwembe azijua bila ya kufundishwa.

Wengi wa waliozipanda niliowaona utotoni walikuwa wameguswa na polio. Tanzania ilianza mpango wa chanjo wa taifa mwaka 1975. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili alionekana mwaka 1996, na mwaka 2015 nchi ikathibitishwa kuwa imeepukana nayo. Lakini pikipiki na magari hayakuacha kuleta wapandaji wapya.

Sheria nazo zina mwendo wao. Mwaka 1981 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, na mwaka uliofuata Tanzania ikatunga sheria mbili, moja ya ajira na moja ya matunzo. Matunzo yaliwekwa juu ya jamaa na serikali: ni mabega tena, ijapokuwa mabega yenye huruma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ulisema jambo jingine. Kifungu chake cha 20 chazungumza juu ya mtu kwenda mwenyewe, kwa njia na wakati autakao, na kwa gharama aiwezayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 ikafuata.

Wakati autakao: maneno mawili haya ndiyo magumu. Baiskeli ya mikono haiingii ndani ya daladala, na ikifungwa juu yake hudaiwa nauli ya mzigo. Mwenyewe huinuliwa kwapani na utingo, mbele za watu, pengine kwa upole na pengine kwa haraka. Nilipata kumwuliza mzee mmoja, mshona viatu, kwa nini haendi Muheza kwa gari kuwaona wajukuu zake. Alinijibu kwamba kwenda huenda, ila huondoka alfajiri kwa mikono yake, na mfukoni huchukua mnyororo wa akiba.